Mchagua Jembe Si Mkulima. Mchagua Kiatu Je?

Wahenga walimkataa mchagua jembe: si mkulima. Walikuwa na haki yao. Mtu anayezunguka akitafuta mpini laini hadi jua likapanda, huyo kazi haitaki. Lakini kuhusu kiatu hawakusema neno, nasi kimya hicho tumekitumia vibaya. Pita alfajiri kwenye njia ya Malindi kwenda Ganda, au barabara itokayo Kilifi mjini kuelekea Ganze, uwaangalie wanaokwenda shamba. Majembe begani yanafanana. Miguuni kila mtu na lake: kandambili iliyofungwa ukanda kwa waya, raba iliyotoboka kwenye kidole gumba, akala, kiatu cha shule cha mtoto aliyekwisha maliza masomo. Na wengi wao wako peku.

Safari ya kiatu katika nyumba nyingi za pwani inajulikana. Kikiwa kipya huenda harusini, msikitini au kanisani. Kikichubuka huenda sokoni. Kisigino kikiliwa upande mmoja na soli kuanza kucheka, ndipo kinapopelekwa shamba kikamalizie siku zake. Shamba hupewa masalio. Mpango huo uko kichwa chini miguu juu, maana msikitini kiatu huvuliwa mlangoni, na harusini hukanyaga zulia au saruji. Shamba ndipo penye miba, panga, mawe ya matumbawe, maji yaliyotuama, nyoka na wadudu wasioonekana kwa macho. Tunachagua mbegu, tunachagua siku ya kupanda. Kiatu nacho kinastahili kuchaguliwa kwa akili ileile.

Anza na udongo wako

Kaunti ya Kilifi si udongo mmoja. Ukanda wa karibu na bahari, kuanzia Mtwapa hadi Takaungu, Kilifi, Watamu na kuendelea, una mwamba wa matumbawe uliofunikwa na udongo mchache. Jembe likizama kidogo tu hugonga jiwe. Mawe hayo yana ncha kali kama chupa iliyovunjika, na mchubuko wake hauponi upesi. Hapa soli ngumu ni lazima. Kiatu cha soli laini hukufanya uhisi kila jiwe, na jioni nyayo zinawaka moto.

Ukiingia ndani kidogo, upande wa Ganda na Magarini, unakutana na mchanga mwekundu unaopendwa na mikorosho, miembe na muhogo. Ni udongo mwepesi, haushiki jembe, lakini huingia kila mahali. Kiatu cha wazi huujaza chini ya unyayo, mchanga ukakwaruza ngozi kwenye kanda hadi ikatoka malengelenge. Jua la Februari linapoupiga, mchanga huo huunguza. Kiatu kinachofaa hapa ni kile kinachofunika mguu na kufunga vizuri kifundoni, hata kama si kizito.

Panda Kaloleni na Rabai, kwenye vilima vya minazi, utapata udongo unaoteleza wakati wa mvua. Huko unahitaji soli yenye meno. Nenda Ganze na Bamba, nchi kavu ya vichaka, adui wa kwanza ni mwiba: mgunga, mbigili, na ule mti wa kigeni uitwao mathenge ambao umetapakaa sehemu nyingi kavu za Kenya. Mwiba wa mathenge unatoboa tairi ya baiskeli, sembuse soli ya kandambili. Kisha kuna kingo za mto Sabaki, karibu na Malindi, ambako watu hulima mboga, nyanya na matikiti kwenye udongo wa tope unaoletwa na maji. Huko matope humeza mguu, na kiatu chochote kisichofika juu ya kifundo kitabaki chini ya tope huku wewe ukiendelea mbele.

Kwa hiyo muuza viatu akikwambia hiki ndicho kiatu cha shamba, muulize: shamba la wapi?

Wageni waliomo mchangani

Kuna hatari ya mwiba, ambayo mtu huiona. Kisha kuna ile isiyoonekana, na kwa pwani hii ndiyo inayofanya suala la kiatu kuwa suala la afya.

Funza si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka wa 1872 meli iliyotoka Brazil ilitia nanga Ambriz, katika pwani ya Angola, na inasemekana funza alishuka pamoja na mchanga uliotumika kuipa meli uzito. Kutoka hapo alisafiri na misafara ya wapagazi, askari na wafanyabiashara, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amevuka bara zima na kufika pwani ya Afrika Mashariki. Alisafiri kwa miguu ya watu, ndani ya nyayo zao hasa.

Funza jike ana urefu wa kama milimita moja. Huingia chini ya ngozi, mara nyingi pembeni ya kucha, kisigino au katikati ya vidole, akabakiza nje ncha ndogo ya nyuma kwa ajili ya kupumua na kutoa mayai. Katika muda wa wiki mbili hivi huvimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya kunde. Mayai humwagika chini, yakaanguliwa kwenye vumbi kavu, na mzunguko ukaanza upya. Ndiyo maana kiangazi, si masika, ndicho kipindi chake cha kutamba. Anayetobolewa na funza wengi hushindwa kutembea, na vidonda hivyo ni mlango wa pepopunda.

Desturi ni kumtoa kwa sindano, pini au mwiba wa mlimau. Kinachosahaulika ni kwamba pini hiyohiyo hupita mguu wa mtoto huyu na wa yule, pamoja na damu. Majaribio yaliyofanywa hapa Kenya yameonyesha kwamba mafuta ya dimethikoni, ambayo huziba ile ncha anayopumulia, humuua bila kumchokoa. Uliza kituo cha afya kabla ya kushika pini.

Hapa sasa kiatu kinaingia, lakini tusikipe sifa isiyo yake. Huko Madagaska watafiti walilinganisha vikundi vitatu vya wanakijiji: kimoja kilipewa viatu vya kufunika, kingine kikapewa dawa ya kupaka miguuni yenye mafuta ya nazi, jojoba na mshubiri, na cha tatu hakikupewa kitu wakati wa jaribio. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2013. Dawa yenye mafuta ya nazi ilishinda kwa mbali. Viatu vilisaidia kidogo tu, kwa sababu watu hawakuvivaa wakati wote. Walivivua nyumbani, na funza hajali kama uko shambani au kitandani. Utafiti uliofanywa katika kaunti hii ya Kilifi na kuchapishwa mwaka wa 2017 nao uliihusisha sakafu ya udongo na maambukizi. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuvaa buti kutwa, kisha usiku akalala juu ya vumbi lenye funza. Kiatu, sakafu iliyosakafiwa au kunyunyiziwa maji na kufagiwa, na miguu iliyooshwa na kupakwa mafuta huenda pamoja. Na nani wa kuwafundisha watu wa Kaloleni kukuna nazi na kupika mafuta?

Mgeni wa pili ni minyoo ya safura. Mayai yake hutoka na choo cha binadamu, yakaanguliwa kwenye mchanga wenye joto, kivuli na unyevu. Viwavi vyake husubiri hapo, na ngozi laini ya mguu ikigusa, hupenya. Baada ya kupita kwenye damu na mapafu hufika kwenye utumbo, vikakomaa na kunyonya damu. Mama mjamzito anayepalilia peku karibu na migomba nyuma ya nyumba, mahali ambapo watoto hujisaidia, anajiweka katika njia ya upungufu wa damu. Kwa safura kiatu hufanya kazi hasa, kwa sababu kinafunga mlango wanaotumia kuingia.

Wa tatu anakaa majini. Kichocho huenezwa na konokono wa maji matamu yaliyotulia: mabwawa, mifereji ya kumwagilia, vidimbwi vinavyobaki mto ukipungua. Anayechota maji ya kumwagilia mchicha kwa kuingia bwawani hadi magotini kila asubuhi anacheza na kichocho. Gambuti refu, au kuchota kwa ndoo yenye kamba ukiwa ukingoni, vinaondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Watamu na nyoka wake

Mwaka wa 1980 James Ashe alianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu, na tangu hapo mahali hapo pamekuwa kitovu cha elimu kuhusu nyoka na tiba ya sumu yao katika pwani ya Kenya. Mwaka wa 2007 wanasayansi walimtambua rasmi swila mkubwa kuliko wote watemao mate, wakampa jina la kisayansi Naja ashei kwa heshima ya Ashe. Nyoka huyo anaishi katika nchi hii ya pwani.

Swila anapotema mate, kiatu hakina msaada. Hapo ni macho yanayohitaji kuoshwa kwa maji mengi upesi. Lakini nyoka anayemhusu zaidi mkulima ni bafe, ambaye wengine humwita kifutu. Ni mnene, mvivu, na rangi zake zinafanana na majani makavu. Nyoka wengine husikia hatua zako na kukimbia. Bafe hutulia palepale akitumaini hutamwona, na ukimkanyaga anauma. Ndiyo maana kuumwa na nyoka shambani hutokea mara nyingi chini ya goti, kwenye kifundo na wayo. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa, na waathiriwa wengi ni wakulima na wachungaji.

Gambuti linalofika karibu na goti, lililo pana kidogo na kuvaliwa juu ya soksi nzito, si ngao kamili, kwani meno ya bafe ni marefu. Lakini hufanya kuumwa kuwa kugumu, na nafasi kati ya mpira na ngozi inaweza kuokoa mguu. Mengine ni tabia: kupiga majani kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono, kutopita njia za shamba wakati wa magharibi bila tochi, na kukung'uta viatu kila asubuhi, maana nge na tandu hupenda kulala ndani ya buti lililoachwa barazani. Aliyeumwa asikatwe wembe wala asifungwe kamba ya kubana. Atulizwe, mguu usitingishwe, apelekwe hospitali mara moja.

Jembe linakuja kwako

Magazeti ya bustani ya Uingereza, ambako watu wa mjini hukodi viploti vidogo vya kulima mboga, yamejaa ushauri wa viatu. Ushauri ule umejengwa juu ya zana moja: beleshi. Mkulima wa kule huweka beleshi wima, akalikanyaga kwa unyayo lizame. Anachohitaji ni soli ngumu katikati ili ukingo wa chuma usimuumize, na kinga dhidi ya baridi na tope.

Huku kwetu zana ni jembe la mkono, na jembe halikanyagwi. Linainuliwa juu ya bega na kushuka kuelekea miguuni mwako. Likigonga jiwe la matumbawe huruka pembeni, na kilichoko pembeni ni kidole chako gumba au ugoko. Panga la kufyeka nalo hutembea chini kwa mviringo kuelekea mguu wa mbele. Kwa hiyo kiatu cha mkulima wa Kilifi kinatakiwa kulinda pua ya mguu na ugoko zaidi ya katikati ya unyayo. Anayenunua kiatu kwa kuiga picha za bustani za Ulaya atapata kilichotengenezewa hatari nyingine, na juu ya hayo kitampikia miguu kwa joto.

Hata mpira wa gambuti una historia yake hapa. Mwaka wa 1853 Mmarekani Hiram Hutchinson alianza kutengeneza buti za mpira nchini Ufaransa kwa kutumia njia ya Goodyear ya kuupika mpira, na wakulima waliozoea viatu vya mbao wakazipokea kwa mikono miwili. Miaka 60 baadaye walowezi walikuwa na mashamba ya mpira na pamba upande wa Malindi, na serikali ya kikoloni ikawa inawasukuma Wagiriama kwenda kufanya kazi humo. Kulazimishwa kutoa vijana wao ni miongoni mwa mambo yaliyomfanya Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, kuwainua watu wake dhidi ya serikali hiyo mwaka wa 1913. Alipokamatwa alipelekwa mbali magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi kwa miguu hadi kwao. Mpira uliotakiwa kuvunwa na mikono ya Wagiriama ulikuwa wa kupelekwa ng'ambo, ukavishwe miguu na magari ya watu wengine.

Kandambili, akala, raba, gambuti

Kandambili ni kiatu cha bafuni na baraza. Shambani hukatika ukanda kwenye tope, huteleza, na haizuii mwiba wala jembe. Tena haidumu, na tunajua inakoishia. Mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu walizindua jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa kandambili zipatazo 30,000, na mapema mwaka wa 2019 likasafiri hadi Unguja. Kandambili hizo zote zilikuwa taka za ufukweni na mitaani.

Akala ni hadithi nyingine. Mtazame fundi wake sokoni. Humkanyagisha mteja juu ya kipande cha tairi kuukuu na kuuchora mguu kwa chaki. Kando yake kuna kopo la maji, na kila mkato huanza kwa kuchovya kisu, kwa kuwa mpira mkavu hukamata kisu na maji huufanya uteleze. Soli ikishatoka, hutoboa pembeni, akapitisha kanda zilizokatwa kwenye tabaka laini la ndani ya tairi au kwenye tyubu, kisha akazipigilia misumari mifupi na kukunja ncha zake ndani ya mpira. Kabla hujalipa, pitisha kidole ndani taratibu uhisi kama kuna ncha iliyobaki. Uliza pia kama tairi lina nyuzi za waya. Tairi la waya likilika, nyaya hujitokeza zikachoma. Lile la nyuzi za kitambaa ni salama zaidi.

Kwa miba ya Ganze na Bamba, hakuna soli ya bei nafuu inayoishinda akala. Haiozi na maji ya chumvi, haipasuki upesi kwa jua, na mguu unapumua. Upungufu wake ni uwazi: vidole viko nje, mchanga unaingia, funza hana kizuizi. Itumie mahali pakavu pa miba, kwa kuchunga na kutembea, si kwa kulima tope wala kufyeka kwa panga.

Raba ya kitambaa ni nyepesi na hukauka haraka, nayo inafaa kwa kupalilia mchanga mwekundu wa Magarini ambako hatari kubwa ni vumbi na joto. Chagua yenye soli nene. Kipimo ni rahisi: bonyeza soli kwa kidole gumba, ikibonyea kama mkate, mwiba utapita. Kiatu cha plastiki kilichofunikwa, aina ambayo wanafunzi wengi walikua nacho, huoshwa kwa maji na kukaushwa dakika chache, lakini mguu hutokwa jasho na hatimaye hukatwa na ukingo wake.

Buti la ngozi ndilo bora kwa mwamba wa matumbawe, kuvunja mawe, kukata miti na kazi za panga. Mitumba ya soko la Kongowea, Mombasa, huwa na buti za kazi, nyingine zenye chuma kwenye pua, kwa bei ambayo mpya haikaribii. Angalia mshono kwa makini, kwa sababu upepo wa chumvi hula uzi na kutia kutu vitundu vya kamba. Kunja kiatu: kinatakiwa kukunjika penye vidole, si katikati ya unyayo. Ngozi isiyopakwa mafuta pwani hukauka na kupasuka ndani ya msimu mmoja.

Kisha gambuti, mfalme wa masika. Mvua kubwa zinapoanza Aprili na kufikia kilele Mei, hakuna mbadala wake kingo za Sabaki, kwenye mabonde ya mpunga na migomba, wala katika banda la ng'ombe. Yako ya aina mbili: la plastiki, jepesi na la bei nafuu, ambalo hukakamaa na kupasuka pale mguu unapokunjika, na la mpira wenyewe, zito kidogo na ghali, ambalo hukunjika bila kulalamika kwa misimu mingi. Lijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi za mchana, ukiwa umevaa soksi utakazolimia. Kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino bila kusukumwa. Likikubana utapata malengelenge. Likikuzidi, tope litakuvua.

Adui wa gambuti ni joto la hapa. Mguu ukikaa ndani saa sita katika nyuzi joto 30, jasho hujaa na fangasi hupata makao katikati ya vidole. Vaa soksi za pamba, zibadilishe mchana, na usilivae gambuti siku nzima kama kazi ya tope imekwisha saa nne.

Dawa, sukari na miguu ya kina mama

Siku ya kupulizia dawa ina sheria zake. Chunguza lebo ya chupa: kuna vipicha vya glavu, kinyago na buti, na picha ya buti haikuwekwa kama pambo. Buti la siku hiyo ni la mpira, kamwe si la ngozi wala kitambaa, kwa sababu ngozi hufyonza sumu na haioshiki ikatoka. Suruali iwe juu ya buti, si ndani yake. Ukiichomeka ndani, kila tone linaloteremka mguuni linaingia moja kwa moja kwenye soksi. Ukimaliza, osha buti nje na ndani mbali na kisima, liweke peke yake.

Mwenye kisukari ana sheria moja tu: asikanyage shamba peku hata kwa dakika tano za kuchuma mchicha. Kisukari huua hisia za nyayo taratibu. Mwiba unaingia asihisi, kidonda kinaoza, na habari huishia kwenye kukatwa mguu. Kiatu chake kiwe cha kufunika, kipana, bila mshono unaokwaruza ndani, na kila jioni nyayo zikaguliwe kwa kioo au na mtu wa nyumbani.

Halafu kuna jambo ambalo maduka hayalitazami. Wanaopalilia, kupanda na kuvuna katika mashamba ya Kilifi wengi wao ni wanawake, lakini gambuti zilizojaa madukani ni namba za wanaume. Mama huishia kuvaa gambuti la mumewe, likamchezea miguuni, akajikwaa, na siku ya tatu akalitupa pembeni na kurudi peku. Baadaye husemwa kwamba wanawake hawapendi viatu shambani. Mwambie muuzaji aagize namba ndogo. Kikundi cha kina mama chenye akiba ya pamoja kinaweza kuagiza jozi 20 kwa mpigo na kupunguziwa bei, kuliko kila mmoja kwenda dukani akaambiwa namba yake haipo.

Pale peku inaposhinda

Si kila kazi ya pwani inataka kiatu. Mgema anayepanda mnazi kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina anahitaji vidole vyake vishike. Ukimvika buti umemwandalia jeneza. Wazee nao husema unyayo hujua kama ardhi imeshiba maji ya kupandia, na wana hoja. Mtu anaweza kuvua kiatu akapima unyevu kwa dakika moja, kisha akakivaa. Mgema anaposhuka, kiatu kimngoje chini ya mnazi, kwa kuwa shina halina funza, lakini mchanga wa pale chini unao.

Kukitunza, na nani aanze

Kiatu kizuri kikitunzwa vibaya ni hasara. Gambuti lioshwe tope kila jioni, ligeuzwe kichwa chini juu ya vijiti viwili vilivyochomekwa ardhini, chini ya kivuli cha mwembe na si juani, maana jua ndilo linaloupasua mpira. Likiwa limelowa ndani, lijaze karatasi za gazeti. Ufa mdogo hufungwa kwa kiraka cha tyubu na gundi ya fundi baiskeli. Buti la ngozi lipakwe mafuta kabla ya masika na baada yake. Akala ikaguliwe misumari kila mwezi.

Fedha ndiyo kikwazo cha kweli, wala hakuna haja ya kulipitia hilo kwa mbali. Lakini fedha za shamba zina majira yake. Korosho na embe huvunwa kuanzia mwisho wa mwaka hadi miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata, na mvua kubwa huja baada ya hapo. Kiatu cha shamba kinunuliwe katika kipindi hicho, katika orodha ileile ya mbegu na mbolea. Kikiachwa hadi mvua ya kwanza, bei ya gambuti itakuwa imepanda na pesa ya korosho itakuwa imekwisha.

Ikiwa familia inaweza kununua jozi moja tu, isiende kwa baba kwa sababu ni baba, wala kwa kijana kwa sababu ndiye anayeomba kwa sauti kubwa. Iende kwa yule anayekaa shambani saa nyingi zaidi, na katika nyumba nyingi za Kilifi huyo ni mama. Jozi ya pili ni ya anayepulizia dawa. Ya tatu ni ya watoto, viatu vya kufunika vya namba zao wenyewe, kwa sababu miguu yao ndiyo funza anayoipenda zaidi. Viatu vya harusi vitasubiri; harusi za pwani haziishi.